Kesi ya Norwich: mwalimu wa muda, Windows 98 na mashtaka ya miaka 40

#1 Mchunguzi_Diski

Wakuu, kila panapozuka mjadala wa watoto na picha chafu mtandaoni, kesi ya Julie Amero hutajwa nusunusu. Mmoja atasema "yule mwalimu aliyefungwa miaka 40", mwingine "yule aliyeachiwa huru". Hakufungwa hata siku moja kwa hukumu hiyo, na wala mahakama haikumwachia huru. Naweka mtiririko wenyewe, kisha wenye ujuzi wa mitambo na wa sheria waongeze.

Ni tarehe 19 Oktoba 2004, Kelly Middle School, mji wa Norwich, jimbo la Connecticut, Marekani. Amero alikuwa mwalimu wa muda, kaja kushika darasa la saba. Walimu wa muda hawakuwa na nywila zao, hivyo mwenye darasa alimfungulia kompyuta kwa akaunti yake na kumwambia asiizime. Alitoka kidogo, aliporudi akakuta wanafunzi wameizunguka kompyuta, wanaangalia tovuti ya mitindo ya nywele. Baadaye madirisha ya matangazo ya ponografia yakaanza kuruka kwenye skrini. Akifunga moja, linafunguka jingine. Baadhi ya wanafunzi waliona, wakasimulia nyumbani, wazazi wakaja juu.

Kompyuta yenyewe ilikuwa na Windows 98, mfumo wa miaka sita nyuma. Antivirusi haikuwa na orodha mpya ya virusi. Hapakuwa na fayawoli kwenye mashine. Leseni ya kichujio cha tovuti cha shule ilikuwa imekwisha muda.

Januari 2007 wazee wa mahakama (kwa mfumo wa kule ni raia wa kawaida wanaoamua hatia) walimtia hatiani kwa makosa manne ya kuhatarisha maadili ya mtoto. Kila kosa lina hadi miaka 10, ndipo ile 40 inapotoka. Siku ya kutangaza adhabu ikaahirishwa tena na tena, na katikati ya kuahirisha huko wataalamu wa usalama wa kompyuta waliichambua diski kwa kujitolea, wakiratibiwa na Alex Eckelberry wa kampuni ya Sunbelt Software. Maabara ya jinai ya jimbo nayo ikaipima. Tarehe 6 Juni 2007 Jaji Hillary Strackbein akafuta hukumu na kuamuru kesi isikilizwe upya, kwa sababu wazee wa mahakama walipewa maelezo yasiyo sahihi kuhusu kompyuta.

Kesi ya pili haikusikilizwa kamwe. Novemba 2008 Amero alikiri kosa dogo la kuvuruga utulivu, akalipa faini ya dola 100 na kusalimisha leseni ya ualimu. Miaka minne, mwishoni dola mia.

Hoja yangu ni moja: toka mwanzo hadi hukumu, upande wa mashtaka haukuiuliza ile diski swali la kwanza, yaani nani au nini kilifungua kurasa zile.

#2 Nahodha_Kavu

Mkuu, yote hayo sawa, ila kuna kitu hakinikai. Skrini ina kitufe. Bonyeza, giza, kwisha habari. Au chomoa waya ukutani. Mtu mzima anakaa na uchafu ule kipindi kizima mbele ya watoto wa watu halafu tulaumu Windows?

#3 Kitasa_2

Nahodha, swali hilo ndilo lililomtia hatiani, kwa hiyo tulichukue kwa uzito wake. Kwanza tuangalie mtego wenyewe ulivyofanya kazi, maana vijana wa leo hawakuuona.

Vivinjari vya zamani viliruhusu ukurasa kuamuru mambo mawili: kufungua dirisha jipya unapoingia, na kufungua jingine unapotoka. Amri ya pili ilifungwa kwenye tukio la kuondoka, kwa JavaScript (lugha ya amri za kurasa za wavuti) liliitwa *onunload*. Ukibonyeza X, kivinjari kinahesabu kwamba unaondoka, kinatekeleza amri, dirisha linazaliwa. Dirisha hilo nalo lina amri ileile. Alt+F4 haikusaidia, kwa sababu nayo ni kuondoka kama kawaida. Kilichofaa ni kuua mchakato wote: Ctrl+Alt+Del, unachagua Internet Explorer kwenye orodha, End Task, na kwa Windows 98 ungerudia mara kadhaa kwa sababu kila dirisha lingeweza kuonekana kivyake.

Biashara hii ilikuwa kubwa na serikali ya Marekani iliijua. Tume ya Biashara ya kule ilimshtaki John Zuccarini mwaka 2001. Alisajili maelfu ya anwani zilizokosewa herufi, zikiwamo zinazofanana na za burudani za watoto, na aliyeingia alinaswa kwenye mvua ya madirisha. Sheria ya mwaka 2003 ikafanya kosa la jinai kumpeleka mtoto kwenye ponografia kwa anwani ya hadaa, na Februari 2004 Zuccarini akahukumiwa miezi 30. Angalia tarehe: miezi minane kabla ya Norwich, mahakama ya shirikisho ilikuwa imeshamfunga mtu kwa kutengeneza mtego wa aina hiyohiyo.

Agosti 2004 Microsoft ilitoa kizuizi cha madirisha ya kuruka ndani ya Internet Explorer, lakini kwa Windows XP yenye Service Pack 2 tu. Mashine za Windows 98 hazikupata kitu.

Sasa kitufe. Mwalimu aliambiwa asizime kompyuta, na hakuwa mtu wa kompyuta. Kugeuza skrini au kuifunika lingekuwa jambo jema, nakubali. Ila kushindwa kufikiri haraka mbele ya darasa la watoto wenye kelele ni suala la kikazi, mkuu wa shule angemwita ofisini wakaongea. Kulifanya jinai ya miaka 40 ni kitu kingine kabisa.

#4 Wakili_wa_Gati

Naomba niingie hapo penye "kitu kingine", maana kisheria mlango uliachwa wazi na maneno ya sheria yenyewe.

Kifungu kilichotumika ni 53-21 cha sheria za Connecticut. Kinamgusa mtu ambaye kwa makusudi au kinyume cha sheria *anasababisha au anaruhusu* mtoto wa chini ya miaka 16 kuwekwa katika hali ambayo maadili yake yanaweza kuharibika. Tazama maneno mawili: kusababisha, na kuruhusu. La kwanza linamtaka mwendesha mashtaka aonyeshe kitendo. La pili linamruhusu ajenge kesi juu ya kutotenda. Na si lazima aonyeshe kwamba mtoto kadhurika, inatosha kwamba maadili "yangeweza" kuharibika.

Kwa hiyo upande wa mashtaka ulikuwa na miguu miwili. Ukisema hakubofya, watasema hakuzima. Ndiyo maana swali la Nahodha lina nguvu mbele ya wazee wa mahakama, hata kama mguu wa kwanza umeoza. Lakini huo mguu wa kwanza ndio uliobeba kesi: waliambiwa kwamba mwalimu *alikwenda mwenyewe* kwenye tovuti hizo. Ukishaamini hivyo, kutozima skrini kunaonekana ukaidi. Usipoamini hivyo, ni mtu aliyepigwa na butwaa.

Upande wa utetezi nao ulikwama. Mtaalamu wao alikuwa na uchambuzi wa diski, lakini haukukabidhiwa kwa mwendesha mashtaka kabla ya kesi kama kanuni zinavyotaka, hivyo sehemu kubwa ya aliyotaka kuonyesha haikusikilizwa. Somo la kiufundi kwa mawakili humu: ripoti ya mtaalamu wa kidijitali iandikwe mapema, iambatane na nakala ya data aliyoitumia, na ikabidhiwe kwa maandishi yenye tarehe. Ukweli uliochelewa kukabidhiwa haukuingia kwenye kumbukumbu.

#5 Mtambo_Mkongwe

Mnaruka kitu kitamu kuliko vyote: kiungo chekundu.

Shahidi wa polisi alieleza mahakamani kwamba kiungo fulani kwenye ukurasa kilikuwa na rangi nyekundu, na hiyo ikachukuliwa kuwa dalili kwamba kilibofywa. Kwa yeyote aliyewahi kuandika HTML (lugha ya kutengenezea kurasa za wavuti) ya miaka ile, hapo kahawa inakumwagikia.

Kwa kawaida ya vivinjari, kiungo ambacho hakijatembelewa ni bluu, kilichotembelewa ni zambarau. Nyekundu hutokea ule muda mfupi tu kidole kikiwa juu ya kitufe cha kipanya. Juu ya hapo mwandishi wa ukurasa anaweza kuweka rangi zake kwa LINK, VLINK na ALINK, au akafunga neno ndani ya FONT COLOR na hapo rangi haibadiliki, ubofye usibofye. Wachambuzi wa kujitolea walifungua msimbo wa ukurasa ule na kukuta nyekundu imeandikwa humo na mwenye tovuti.

Hilo ni jambo la dakika tano. Fungua faili la ukurasa kwa Notepad, tafuta neno la kiungo, soma kilichotangulia. Polisi hawakulifanya kabla ya hukumu.

La pili: programu iliyotumiwa na polisi, ComputerCOP Pro, kazi yake ni kuorodhesha picha na anwani zilizomo kwenye diski. Inakuambia kipo. Haikuambii kimefikaje. Na shahidi alikubali kwamba diski haikukaguliwa kama ina programu za kijasusi. Wachambuzi walipokagua wakakuta spaiwea, ikiwamo NewDotNet, iliyokuwamo kabla ya siku ya tukio. Katika mashine yenye hali kama ile, kutopima ni sawa na daktari kuandika dawa ya malaria bila kutoboa kidole.

#6 Bi_Chaki

Wandugu, mimi niko upande wa shule, na kuna jambo mnalipita haraka. Tangu mwaka 2000 Marekani ina sheria inayozitaka shule zinazopokea punguzo la serikali la gharama za intaneti ziweke kichujio cha picha chafu. Mahakama Kuu ya nchi iliithibitisha Juni 2003 katika shauri la maktaba. Basi wajibu wa kuzuia ulikuwa na mwenyewe, na kichujio kilikuwa kimekufa kwa leseni. Kati ya watu wote wanaogusa kompyuta ile, yaani mwenye akaunti, fundi wa shule, ofisi inayolipa leseni na mwalimu wa siku moja, aliyeshtakiwa ni wa mwisho.

Sisemi fundi afungwe. Nauliza tu kwa nini sheria ya "kuruhusu" aliyoieleza mheshimiwa wakili imeona mtu mmoja.

#7 Wakili_wa_Gati

Kwa sababu watoto walimwona yeye, Bi Chaki. Na kwa sababu leseni iliyokwisha haina sura.

Lakini niongeze mazingira. Uingereza ilikuwa imetoka kwenye msako wa polisi ulioitwa Operation Ore. Polisi wa Marekani walikamata hifadhidata ya Landslide, kampuni ya Texas iliyokuwa mlango wa malipo ya tovuti za ponografia, baadhi zikiwa na picha za watoto. Majina zaidi ya 7,000 ya Waingereza yakapelekwa London, na kuanzia 2002 milango ikaanza kugongwa alfajiri. Wahalifu wa kweli walikamatwa humo, hilo lisipingwe. Ila kuwamo kwenye orodha kulichukuliwa kama kununua, na mwandishi Duncan Campbell alipoichimba data akakuta sehemu yake ni kadi za benki zilizoibwa: matapeli walizitumia kujilipa wenyewe kupitia tovuti zao. Mwenye kadi hakuwahi kufika huko. Wapo waliojiua kabla ya kufikishwa mahakamani.

Kipimo kilichokosekana kilikuwa chepesi. Jina na kadi vipo; je, anwani ya IP (namba ya kifaa mtandaoni) iliyofanya ununuzi ni ya nchi anayoishi mwenye kadi? Je, baada ya malipo kuna aliyeingia na kutumia nywila? Ukikuta kadi kadhaa za watu tofauti zimelipa kutoka IP moja ndani ya saa moja, unayemtafuta si wenye kadi.

#8 Nahodha_Kavu

Haya, nimeelewa mtego na nimeelewa kiungo. Ila sasa mnafungua mlango mwingine: kila mhalifu atasema "ni virusi". Tutamjuaje mkweli?

#9 Mchunguzi_Diski

Swali zuri, na halitaki huruma, linataka kazi. Utetezi wa virusi unapimika. Uingereza mwaka 2003 zilikuwapo kesi mbili za karibu karibu. Katika moja, mtaalamu alizikuta trojani (programu hasidi zinazojificha) kadhaa kwenye kompyuta ya mtuhumiwa, na kesi ikaporomoka kwa haki. Katika nyingine, ya kijana aliyedaiwa kushambulia mifumo ya bandari ya Houston, hakuna trojani iliyopatikana, akadai imejifuta yenyewe, na wazee wa mahakama wakamwachia. Kesi ya pili ndiyo iliyowafanya waendesha mashtaka wauchukie utetezi huu. Dawa ilikuwa kupima vizuri zaidi, lakini wengi waliona rahisi kuacha kusikiliza.

Kwa diski ya aina ya Norwich, kazi inakwenda hivi.

Usiiwashe mashine. Toa diski, iunganishe kupitia kizuia-kuandika (kifaa kinachoruhusu kusoma diski bila kuibadilisha), chukua nakala ya biti kwa biti, piga hashi (alama ya kidole ya data) ya asili na ya nakala, zilingane. Mashine ikiwashwa hata mara moja, Windows inaandika mamia ya faili, na antivirusi ikipita inagusa tarehe za kila kitu.

Kabla ya lolote lingine, angalia saa ya ubao mama dhidi ya saa sahihi na andika tofauti. Dakika kumi za kosa zinaweza kumhamisha mtu kutoka mezani hadi chooni.

Kisha ujue mfumo wa faili unachoweza kusema. Windows 98 kwa kawaida hutumia FAT32. Humo muda wa kuundwa faili umeandikwa kwa usahihi mzuri, muda wa kubadilishwa kwa hatua za sekunde mbili, na *kufunguliwa mara ya mwisho ni tarehe tu, bila saa*. Mtaalamu akikuambia faili kwenye FAT32 lilifunguliwa mara ya mwisho saa tatu na dakika tano, mwombe aonyeshe alikoitoa.

Panga mfululizo wa matukio kwa sekunde. Chukua *index.dat*, yaani faili za kumbukumbu za Internet Explorer, za historia na za kache (akiba ya kurasa ambayo kivinjari hujiwekea chenyewe), unganisha na tarehe za faili, na kama shule ina logi za proksi (kompyuta ya kati inayopitisha intaneti ya shule) au fayawoli ziweke kando yake. Binadamu anayeperuzi ana pumzi: ukurasa, sekunde kadhaa, ukurasa. Mtego hauna pumzi. Anwani tano zisizohusiana zikiingia ndani ya sekunde moja au mbili, hakuna kidole hapo. Mwaka 2007 mfanyakazi mmoja wa serikali ya Massachusetts alifukuzwa kazi na kushtakiwa kwa picha zilizokutwa kwenye laptopu ya ofisi. Wachambuzi wakakuta mashine ikitembelea hadi tovuti 40 kwa dakika. Mashtaka yakafutwa 2008.

Angalia zilizoandikwa kwa mkono. Internet Explorer huhifadhi kwenye rejista (daftari la mipangilio ya Windows), chini ya *TypedURLs*, anwani zilizochapwa kwenye kisanduku. Haimalizi mabishano, ila kama hakuna hata moja ya tovuti chafu humo, na hakuna neno lililotafutwa, hakuna alamisho, hakuna picha iliyohifadhiwa kwenye folda ya mtumiaji, basi dai la "alikwenda mwenyewe" linabaki linaning'inia.

Soma msimbo wa kila ukurasa kwenye kache, toka wa mwisho ukirudi nyuma, hadi umpate mzazi wa mvua yote. Norwich, mzazi alielekea kuwa tovuti ya mitindo ya nywele.

Na usihesabu picha kama matendo. Ukurasa mmoja wenye vijipicha 30 unaacha faili 30 na zaidi kwenye kache hata kama mtu aliuona kwa sekunde mbili. "Picha 300" inaweza kuwa kurasa kumi zilizojifungua.

Mwisho, virusi: pitisha antivirusi zaidi ya moja juu ya *nakala*, orodhesha vinavyojiwasha na mfumo, viprogramu vilivyojibandika kwenye kivinjari, na tarehe ya kila kimoja kuingia. Kikiwa kimeingia baada ya tukio hakimsaidii mtuhumiwa. Kikiwa kabla, kiweke kwenye mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta) na ukione kinafanya nini. Utetezi wa virusi wa uongo unafia hapa, Nahodha: virusi havichapi maneno ya kutafuta kwa miezi sita usiku nyumba ikilala, wala havipangi picha kwenye folda zenye majina.

#10 Mtambo_Mkongwe

Nyongeza kwa Diski: mahakama za juu zenyewe zilijifunza hili polepole, na maamuzi yao yanafaa kuwekwa humu kwa wenye kesi za kache.

Uingereza, Atkins mwaka 2000: picha zilizo kwenye kache haziwi "umiliki" kama mtu hakujua kwamba kivinjari kinahifadhi. Porter, 2006: zilizofutwa kiasi kwamba mtuhumiwa hana uwezo wa kuzirudisha hazihesabiki kuwa mikononi mwake. Harrison, 2007, hii ni ya popapu (madirisha ya kuruka) hasa: kujifungua kwenyewe hakumsafishi mtu moja kwa moja, kinachoulizwa ni kama alijua kwamba akitembelea tovuti ile picha haramu zinaelekea kuruka. Marekani, Kuchinski mwaka 2006: mahakama ya rufaa ikakataa kumwongezea adhabu kwa maelfu ya faili za kache ambazo hakuonyeshwa kuzijua, ingawa zile alizopakua mwenyewe zilibaki. New York mwaka 2012, kesi ya Kent, ikasema kutazama peke yake si kumiliki, na bunge la jimbo likabadilisha sheria mwaka huohuo ili kutazama kwa makusudi nako kuwe kosa.

Nawapa hongera wabunge wa New York kwa hilo. Shida ikionekana kwenye sheria, rekebisha sheria. Usiminye ushahidi ujaze pengo.

#11 Bi_Chaki

Mkuu Mtambo, hapo kwenye hongera nina wasiwasi. "Kwa makusudi" karatasini ni kizuri, Norwich nako kulikuwa na "kwa makusudi au kinyume cha sheria".

Na bado naona mnazungumza kama mambo ya kale. Watoto na wazazi wa leo hawana popapu, wana makundi ya WhatsApp.

#12 Wakili_wa_Gati

Kweli kabisa, na kuna kesi yake. London, Februari 2018, afisa mwandamizi wa polisi wa kike alitumiwa na dada yake video ya mtoto anayedhalilishwa. Dada alikuwa ameitawanya kwa watu kadhaa akitaka aliyefanya uovu akamatwe. Afisa hakuipeleka popote wala hakuripoti. Alijibu tu akimwomba dada ampigie. Novemba 2019 akatiwa hatiani kwa kumiliki, akapewa saa 200 za kazi za jamii, akafukuzwa kazi mwaka uliofuata. Juni 2021 baraza la rufaa la polisi likamrudisha kazini.

Sheria yao, kifungu cha 160 cha Sheria ya Haki Jinai ya mwaka 1988, ina njia tatu za kujitetea: una sababu halali ya kuwa nayo, hujaiona na hukuwa na sababu ya kushuku, au umetumiwa bila kuomba na *hukukaa nayo muda usio wa lazima*. Hiyo ya tatu ndiyo ya kukariri. Kutoiomba hakutoshi, unaulizwa ulifanya nini baada ya kuipata.

Kwetu: Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina vifungu vyake kuhusu ponografia ya watoto na ponografia kwa jumla, na uzito wake uko kwenye kuchapisha na kusambaza. Ku-fowadi kwa onyo "angalieni, mtoto huyu ni wa nani?" ni kusambaza. Kenya, sheria ya 2018, kifungu cha 24, inagusa hata kupakua na kumiliki kwa makusudi, adhabu hadi shilingi milioni 20 au miaka 25 au vyote. Neno "makusudi" lipo, ila litathibitishwa au kukanushwa kwa ushahidi wa simu yako.

#13 Kitasa_2

Na simu inakuchongea usipoipanga. WhatsApp kwa mipangilio yake ya kawaida hupakua picha zenyewe na kuzionyesha kwenye galari, na kama galari imeunganishwa na hifadhi ya wingu, picha iliyotumwa na mtu usiyemjua kundini saa nane usiku asubuhi iko kwenye seva ya kampuni kwa jina lako. Hukuigusa.

Zima hivi: Mipangilio, Hifadhi na data, Kupakua kiotomatiki, ondoa tiki kwenye data ya simu, Wi-Fi na ugenini. Kisha Mipangilio, Gumzo, zima kuonyesha media kwenye galari. Kwenye iPhone ni kuhifadhi kwenye Picha. Kwenye faragha, makundi yasikuongeze bila ruhusa: weka "waasiliani wangu". Na kwenye programu ya hifadhi ya wingu, ondoa folda ya WhatsApp kwenye nakala rudufu.

Jambo hili si dogo, kwa sababu kampuni zinakagua. PhotoDNA ya Microsoft, ya mwaka 2009, inalinganisha hashi na picha haramu zinazojulikana tayari, na hapo makosa ni nadra. Ila siku hizi wapo pia wanaotumia mifumo inayokisia picha mpya. Mwaka 2021 baba mmoja wa San Francisco alimpiga mwanawe picha ya sehemu iliyovimba ili daktari aione, simu ikaipandisha wingu, mfumo wa Google ukaitia alama. Polisi walichunguza na kusema hakuna kosa. Akaunti, barua pepe na namba yake ya simu havikurudi.

#14 Nahodha_Kavu

Sawa. Niseme mtu amepokea video ya mtoto kundini leo usiku. Afute au asifute? Maana akifuta ataambiwa kaharibu ushahidi, asipofuta kamiliki.

#15 Wakili_wa_Gati

Asiifungue tena, asiipige skrinishoti, asimtumie mtu yeyote, hata polisi anayemfahamu kwa WhatsApp. Aandike kwenye karatasi: jina la kundi, namba iliyotuma, tarehe na saa. Asubuhi hiyohiyo aende kituo cha polisi na simu, aombe dawati la jinsia na watoto, aeleze, ahakikishe taarifa imeandikwa, na aondoke na namba ya kumbukumbu. Kufuta kufanyike kwa maelekezo yao, si kabla. Kama anahofia mtoto yuko hatarini sasa hivi, Tanzania na Kenya namba ya simu ya watoto ni 116, bure. Akiweza kwenda na wakili, aende naye, ila kukosa wakili kusimcheleweshe siku tatu. Saa kati ya kupokea na kuripoti ndizo zitakazosomwa mahakamani.

#16 Mchunguzi_Diski

Na akifika kituoni asikubali simu ichukuliwe na kufunguliwa kaunta mbele yake "tuone kwanza". Iwekwe kwenye hali ya ndege, izimwe, ifungwe kwenye bahasha yenye saini mbili na saa, apewe stakabadhi yenye aina ya simu na IMEI (namba ya utambulisho wa simu). Anayefungua kwa kidole ameshabadilisha muda wa mwisho wa kutazamwa, na huo ndio utakaosomwa kama wake.